Pole Ilipotangulia Habari

Wewe uliyekunywa maziwa ya shule, yale ya pakiti za pembetatu, ukararua kona kwa meno na kunyonya mpaka pakiti ikalia, njoo tukae hapa kidogo. Nataka tukumbuke pamoja. Lakini nakuonya mapema kwamba leo sikumbuki kwa kucheka tu. Nimekasirika, na hasira yenyewe ina miezi sasa haitaki kutoka, hata daktari wa presha ameniambia nitafute mahali pa kuitua. Basi ngoja niitue hapa.

Nilizaliwa Ndabibi, upande wa machweo wa ziwa la Naivasha, kwenye shamba lililokuwa la mzungu kabla wazazi wetu hawajachanga na kulinunua. Tulipokuwa wadogo, habari pale kwetu ilikuwa na njia zake, na kila mtoto alizijua. Habari ndogondogo zilikaa bombani. Sisi tulipanga mitungi kwenye laini, tukaiacha ipige foleni kwa niaba yetu, tukaenda kucheza kati kwa mpira wa matambara na bano kwa gololi kwenye vumbi, na masikio tukayaacha pale pale kwa mama zetu. Nani amejifungua, nani amefukuza bibi, ng'ombe wa nani ameingia kwa mahindi ya nani, yote tuliyapata kabla mtungi haujajaa.

Habari kubwa kidogo zilikuwa posho mill, kwenye mashine ya kusagia unga. Pale injini ilinguruma hivi kwamba mtu akitaka kukunong'onezea siri ilibidi apige kelele. Ndiyo maana Ndabibi hapakuwa na siri. Ukimwona mama ametoka posho mill na unga mpaka kwenye nyusi, anatembea haraka bila kumsalimia mtu, ujue amebeba jambo zito kuliko gunia.

Na habari za mbali, za Naivasha na Nakuru, zililetwa na dereva wa lori la maziwa. Asubuhi tulipeleka makopo barabarani kwenye jukwaa la mbao, tukamngoja. Yule mzee alikuwa muongo wa kupindukia, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kwenda Nakuru kumkagua, alidanganya apendavyo. Alituambia kuna nyumba mjini ina ngazi zinazotembea zenyewe, tukamcheka wiki nzima. Kumbe siku hiyo moja alikuwa amesema ukweli.

Lakini uongo haukuvuka mlango wa mama yangu. Ukifika nyumbani mbio, ulimi nje, "Mama, Mama, punda wa kina Njoroge ameanguka kisimani!" mama hakuinua hata kichwa. Aliuliza tu, "Umeona ama umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi rudi ukaone."

Na githeri yako inapoa kwenye sahani huku unarudi mbio kilima chote kwenda kumtazama punda aliyesimama wima akila majani. Nilimchukia mama kwa swali hilo. Leo ningelibandika kwenye kila simu ya nchi hii.

Halafu kulikuwa na chuma. Mzungu alipoondoka aliacha diski ya jembe la trekta ikining'inia kwenye nguzo karibu na ghala, ile aliyokuwa akiipiga kuwaita vibarua alfajiri. Watu wetu wangeweza kuing'oa kwa hasira, na wazee wengine walitaka hivyo, lakini waliiacha wakaipa kazi nyingine. Ilipigwa kwa moto, kwa nyati walioshuka kwenye mashamba, na kwa mtoto aliyepotea. Basi. Ukiipiga kwa jambo lingine ulichapwa na mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu.

Iliwahi kupigwa kwa ajili ya Mwangi, ndugu yangu mdogo. Tuko wawili tu kwa mama, mimi Wanjiru na yeye. Alikuwa na umri wa kufunga kamba za viatu vibaya. Alifuata mtoto wa mbwa akapotea, na chuma kilipolia Ndabibi nzima iliacha majembe ikatoka. Walimkuta chini ya kichaka cha leleshwa, amelala fofofo, mbwa juu ya tumbo. Mama alimchapa na kumkumbatia kwa wakati mmoja, mkono huu kiboko, mkono huu umemshikilia asiende popote. Mpaka alipokuwa mwanaume mwenye ndevu, Mwangi alikuwa akimtania mama kwamba bado hajajua siku ile alikuwa amepatikana au amekamatwa.

Kifo, hata hivyo, hakikupigiwa chuma. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Pale kwetu watu walikuwa wametoka kila mahali. Kulikuwa na Wakikuyu, Wakalenjin, Waturkana, Waluhya, kila mmoja na mila zake za msiba alizoziacha kwao, na hakuna aliyejua mwenzake analiaje. Lakini maji na kuni kila mtu anazijua. Hivyo wakaunda desturi yao, ambayo sijaiona kwingine. Mtu akifa, anayepeleka habari ni yule aliyemwona kwa macho yake. Hatumi mtoto, hapigi kelele kutoka barabarani. Anapita bombani kwanza, anajaza mtungi wake, anaubeba mpaka kwenye ile nyumba, anautua mlangoni. Kama ana mwenzake, mwenzake anabeba kuni. Ndipo anaingia, anakaa, anasema. Kisha haondoki mpaka mazishi yaishe. Na siku ya kuondoka anarudishiwa mtungi wake umejazwa kitu, maharagwe, mahindi, maziwa, chochote kilichopo. Walisema mtungi wa msiba haurudi mtupu. Na wewe uliyeleta maji ukawa ndugu wa nyumba ile toka siku hiyo.

Na la mwisho, hakuna aliyeruhusiwa kusema pole kabla mtungi haujatua. Hata ungekuwa umejua toka asubuhi, hata ungekutana na mwenyewe njiani, ulimeza pole yako ukasalimia kama kawaida. Pole haitangulii habari. Tulifundishwa hivyo tukiwa hatujui hata kuhesabu vizuri.

Nilikuwa darasa la tano baba alipokuwa akipasua mbao msitu wa Eburru. Jioni moja nilikuwa nje nikifua soksi za shule nikamwona Baba Chepkoech anapandisha njia yetu na mtungi begani. Yeye na baba walikuwa washikaji wa msumeno mmoja, huyu upande huu, yule upande ule. Nyuma yake mkewe na mzigo wa kuni. Bomba halikuwa kwenye njia yao. Kuni kwetu zilikuwa tele. Nililiacha povu likaniteleza mikononi na nikajua, kama mtoto yeyote wa Ndabibi angejua, lakini nilikuwa na ule mwendo wao wote wa kupanda kilima wa kujiandaa. Sijui kama unaelewa ile ni zawadi ya namna gani.

Mama alikuwa akimenya viazi. Aliwaona mlangoni, akaendelea kumenya kile kiazi mpaka kikaisha, akakitia kwenye maji.

"Mama Wanjiru, weka kisu chini," Baba Chepkoech akasema. Akaketi kwenye kigoda, magoti yamefika kifuani. "Nimetoka Eburru saa hii. Mti ilimwangukia. Baba Wanjiru ameenda."

Mama akauliza jambo moja. "Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Alikunywa maji kwa mkono yangu."

Mama hakuuliza lingine. Alilia, na mke wa Baba Chepkoech akawasha moto kwa kuni alizobeba, akapika chai kwa yale maji, na sisi watoto tukapewa kwanza. Miaka yote iliyofuata, mama alipozidiwa na hasira ya kuachwa mjane na watoto, nilimsikia akijiambia jikoni, "Alikunywa maji." Sentensi hiyo ilimlea mama yangu. Nilipoolewa, aliyekaa kwenye kiti cha baba ni Baba Chepkoech, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa tuje kwa hawa wa leo, wenye simu nyembamba kuliko chapati. Vijana wanaojua mchezaji wa Ulaya amekula nini jana usiku na hawajui jirani wa ukuta amejifungua. Wanaandika "niaje fam" kwa watu elfu na mama yao mzazi hawajamjulia hali toka Krismasi. Ningewacheka na kuwaacha, maana kila kizazi kinaona cha nyuma yake kimeharibika, na mama zetu pia walisema bano litatupofusha. Lakini siwezi kuwacheka, kwa sababu ya Mwangi.

Mwangi alikuwa dereva wa lori la maua, anakaa Karagita kwenye chumba cha kupanga, na kila mwisho wa mwezi alienda Ndabibi kumwona mama. Mimi niko Nakuru, nauza vitambaa vya mapazia. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshika mkasi, mteja anataka rangi ya maziwa na mimi nina rangi ya krimu, tunabishana. Binti yangu akaingia dukani na simu yake imemlegea mkononi. Kwenye grupu ya watu wa kwetu, wale wanaojiita Wana Ndabibi Asili, kulikuwa na picha. Lori limelala ubavu kando ya barabara ya ziwani, maua yametapakaa, na pembeni mtu amelazwa kwenye nyasi. Chini pameandikwa, "RIP uncle Mwash, gone too soon." Mwash ndilo jina walilomwita Mwangi. Na chini ya hapo pole, pole, mikono iliyokunjwa, mishumaa, Amen, poleni familia.

Nilipiga simu kwa mama. Namba ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Hebu fikiria. Mama yangu ana simu ya kubonyeza, ya kuongea na watoto wake na muuza dawa za kuku, hata charge yake hukaa wiki. Siku hiyo sikuweza kumfikia kwa sababu foleni ya watu ilikuwa imesimama mbele yangu ikimpa pole. Mimi ndiye mtoto wake na nilikuwa nyuma ya watu ambao hawajakanyaga Ndabibi miaka kumi.

Hatimaye ikaita. Akashika. Nikasema, "Mama."

"Wanjiru!" Alipiga kelele ya furaha. Mungu ni shahidi, kelele ya furaha. "Wanjiru, ni wewe? Uko mzima? Asante Mungu! Asante Yesu! Watu wananipigia toka asubuhi wananipa pole, nikiwauliza pole ya nini wananiambia Mungu anitie nguvu, wanakata. Wote hakuna anasema. Nikajua ni wewe umekufa. Nimekaa hapa nje na kuku, nimeshakulia. Asante Mungu uko…"

Akanyamaza.

Tuko wawili tu. Nilimsikia akihesabu. Simu yake ilikuwa ikilia tiki, tiki katikati yetu, mtu mwingine anataka kuingia ampe pole.

Ndivyo mama yangu alivyojua. Kwa kufurahi kwamba mimi ni mzima. Na mpaka leo akiniona ana aibu ya ile furaha, anageuza uso, kana kwamba alimchagua mmoja. Mama alitendewa hivyo na watu waliompenda, kila mmoja akidhani mwingine ameshamwambia. Mamia ya pole, na hakuna hata mmoja aliyebeba habari.

Nilirekodi sauti nikaituma kwenye ile grupu. Sitairudia hapa, watoto wanaweza kusoma. Mmoja akajibu "Amen mum." Admin, ambaye nilimfuta kamasi darasa la pili, akaniandikia pembeni kwamba grupu ni ya kutiana moyo na si ya maneno makali, kisha akanitoa. Nilikaa dukani nikicheka peke yangu mpaka wateja wakaogopa. Wenzetu walikuwa wamekipata kile chuma cha mzungu, wamekipiga kwa kifo, na aliyelia kwamba kinamuumiza masikio ndiye anafukuzwa.

Tulimzika Mwangi. Wiki ile watu walijaa, siwezi kusema hawakuja. Lakini walipotawanyika nilimkuta mama ghalani akipepeta maharagwe. Alichagua mazuri, mekundu, akayatia kwenye kigunia akakifunga na kukiweka karibu na mlango.

"Ya nani hayo, Mama?"

"Ya mtungi," akasema. "Nani alileta maji?"

Nikamwambia hakuna aliyeleta maji, Mama, watu siku hizi hawaleti. Akanitazama kama niliyesikia na sijaona. Kila nilipoenda nilikuta kigunia kiko pale pale. Mvua zikaja, wadudu wakaanza kuyatoboa, mama akayaanika juani akayarudisha mlangoni. Jirani akiingia anaulizwa, "Kwani ni wewe ulileta maji?" Wakaanza kusema mama amechanganyikiwa, na mimi nilijua hajachanganyikiwa hata kidogo.

Nikamtafuta aliyepiga ile picha. Haikunichukua muda, maana vijana hawa hata kujificha hawajui. Na nilipojulishwa ni nani, nilikaa chini. Kelvin, wa boda boda ya Karagita. Mjukuu wa Baba Chepkoech.

Nilimkuta stage, kituoni kwao, amelala juu ya tangi la pikipiki akitazama simu. "Sasa auntie, unaenda wapi?" Nikamwambia mimi ni dada ya Mwangi. Akaketi wima.

"Ni wewe ulipost?"

"Ni mimi, auntie. Nilikuwa hapo hata kabla polisi wafike. Mi ndio nilikuwa wa kwanza kupost." Alisema hivyo taratibu, kwa heshima, akingoja nishukuru.

Basi nikamshukuru. Nilimshukuru mpaka stage nzima ikazima injini. Nikamwambia babu yako alishuka Eburru kwa miguu, mwili umechoka, shati lina damu ya baba yangu, akapita bombani kujaza maji ndipo akaja kutuambia. Wewe ulikuwa na macho, ulikuwa na pikipiki, ulikuwa na mafuta ndani. Ndabibi ni mwendo gani kutoka hapa? Mama yangu amekaa na kuku anamlia mtoto asiyekufa, na wewe uko hapa unahesabu walioweka mshumaa!

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Niliogopa, auntie. Ningemwambia aje? Ningeanzia wapi?"

"Na babu yako unadhani hakuogopa? Ndiyo maana ya maji! Ili mikono iwe na kazi wakati mdomo unatafuta pa kuanzia."

Niliondoka bila kuaga. Nilidhani nitasikia nafuu na sikuisikia.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Ndabibi nikimsuka mama nywele mlangoni, pikipiki ikasikika. Ilizimwa mbali, kule bombani. Baadaye tukamwona Kelvin anapandisha njia kwa miguu, mtungi wa manjano begani, maji yanamwagikia ile jaketi yake ya stage. Hajazoea kubeba, anayumba. Mama akaondoa kichwa mikononi mwangu, akakaa wima na nusu ya nywele zimesimama.

Akautua mtungi. Akabaki amesimama, anahema.

"Kaa," mama akamwambia, akamsogezea kigoda. "Wewe ni wa nani?"

"Wa Chepkoech, shosho."

"Haya. Niambie."

Alijua. Miezi alikuwa amejua, kaburi liko pale nyuma ya nyumba na nyasi zimeanza kuota. Lakini alikunja mikono mapajani akangoja kama mtu asiyejua lolote, na yule kijana akasema, "Shosho, nimetoka Karagita. Lori ya Mwash ilipinduka. Niliona na macho yangu. Ameenda."

Mama akauliza, "Alikuwa peke yake?"

"Hapana, shosho. Alinishika hii jaketi, hapa kwa kola. Alikuwa ameshika ngumu. Nilijaribu kuenda kuita watu, akakataa kuachilia. Nikakaa na yeye chini, nikamwambia niko. Nilikaa mpaka akaachilia."

Mama alilia wakati huo, kilio ambacho hakuwa amekilia mazishini. Kelvin naye akalia kama mtoto. Mama akaunyosha mkono akaishika ile kola, akaikunja kwenye ngumi, akakaa hivyo. Mimi nilisimama nyuma yao na chanuo mkononi. Nilipoweza kusogea nikayamimina maji kwenye sufuria ya chai na yaliyobaki kwenye ndoo, nikaukausha mtungi, nikakunja gazeti kuwa mrija, na mama akayashusha maharagwe ndani kiganja kwa kiganja, akiyachambua yaliyotobolewa, mpaka ukajaa. Kelvin aliubeba mtungi mpaka bombani, akaufunga nyuma ya pikipiki akaondoka nao.

Usidhani nimesamehe. Hasira ilinipanda upya nilipomtazama akishuka kilima. Watu wote wale waliiona picha. Waliona lori, waliona maua, waliona viatu vya ndugu yangu. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba Mwangi hakufa peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa habari, na yule kijana aliitembeza kwenye kola yake Karagita nzima miezi yote hiyo, huku mama yangu akianika maharagwe.

Enzi zetu ingefika jioni ile ile, kwa miguu.